Katesh na Mlima Hanang: historia ya maafa na hatari zilizobaki

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Familia yetu ina kiwanja nje kidogo ya mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, karibu na korongo ambalo kwa miezi mingi ya mwaka halina maji. Tulikusudia kuanza ujenzi, lakini tangu maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 na kubomoa makazi ya Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo jirani, wazee wetu wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba jambo ambalo hawakupata kuliona maisha yao yote haliwezi kurudi karibuni, na wako wanaosema kwamba mlima sasa umefunguka. Wengine bado wanaamini kuwa ilikuwa volkano. Naomba mwenye ujuzi atueleze historia ya maafa ya eneo hili inaweza kusomwa wapi, na ni hatari zipi tuzipime kabla ya kuweka msingi.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, nianze na volkano, kwa kuwa ndiyo iliyozua hofu nyingi. Hanang ni mlima wa volkano wenye kimo cha takriban mita 3,400, lakini hakuna kumbukumbu iliyoandikwa ya kulipuka kwake, na baada ya maafa yale serikali ilieleza kwamba wataalamu hawakukuta dalili za mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka na kushuka ikiwa tope. Hata hivyo asili hiyo ya mlima ina uzito wake. Majivu na miamba ya volkano huoza kwa karne nyingi na kuwa udongo laini unaoshika maji, nao umelala juu ya mteremko mkali. Mvua zikifululiza, maji hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, mshikamano hupotea, na tabaka zima huteleza.

Tope la namna hiyo si mafuriko ya kawaida. Uzito wake unaweza kukaribia mara mbili ya uzito wa maji, na ndiyo maana hubeba majabali na magogo ambayo mto usingeweza kuyasogeza. Hufuata makorongo yaliyopo hadi chini, kisha linapofika mahali ardhi inapolala hutanuka na kuacha mzigo wake. Mahali hapo ndipo tunapopenda kujenga, kwa sababu ni tambarare, pana rutuba na maji hayako mbali.

Kwa hiyo historia mnayoitafuta haimo katika kumbukumbu za wazee peke yake, imo ardhini. Tazameni kingo za korongo lenu pale maji yalipokata ukuta wima. Mkikuta mawe makubwa yenye kona yamechanganyika na udongo laini bila mpangilio wowote, yaelekea tope limewahi kupita hapo, kwani mto wa kawaida hupanga mchanga na kokoto zake katika tabaka. Tukio linalorudi kila baada ya miaka 200 linaweza lisiwe limeonekana na mtu yeyote aliye hai, na bado likawa tabia ya mlima huo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila historia ya maafa ya Hanang isiishie kwenye tope. Wilaya hii imo katika Bonde la Ufa, na mwezi Mei 1964 tetemeko lenye ukubwa unaozidi 6 lilitokea upande wa Mbulu, kwa jirani zetu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege. Atakayejenga Katesh afikirie mkanda huo kabla ya kufikiria vigae.

Ukame nao uandikwe. Hauui kwa asubuhi moja, na kwa sababu hiyo husahauliwa, ilhali kwa mfugaji wa Kibarbaig kupoteza ng'ombe wake ni maafa kamili. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilikuja na El Niño, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kuitolea tahadhari miezi kadhaa kabla.

Jibu la tatu

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Umbali huo uliwekwa kwa ajili ya kulinda mazingira, haukupimwa kwa tope linaloshuka kutoka mlimani, kwa hiyo mtu asiseme yuko salama kwa kuwa amehesabu mita 61. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo inataka kuwe na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Ulizeni kamati yenu ina ramani ya makorongo au haina. Kama haina, ombeni iandaliwe pamoja na halmashauri kabla ya viwanja vingine kugawiwa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, wanaosema mlima umefunguka wana hoja? Na tutajuaje kwamba tope linakuja?

Jibu la kwanza

Wana hoja. Mteremko ukishameguka, kovu hubaki bila mimea, na kifusi kilichokwama ndani ya makorongo huweza kusukumwa na mvua ndogo kuliko ile ya mwanzo. Misimu ya mvua inayofuata tukio kubwa inastahili uangalizi zaidi, wala si ahueni.

Kuhusu dalili, iliyo muhimu kuliko zote huwadanganya watu: mvua inaendelea kunyesha lakini maji ya korongo yanapungua ghafla. Maana yake huenda yamezibwa na kifusi huko juu, na kizuizi hicho kitaachia. Nyingine ni maji kubadilika rangi ghafla, magogo mabichi kuonekana, ngurumo isiyokoma na ardhi kutetemeka. Yeyote atakayeona mojawapo apande upande wa juu, mbali na korongo. Asikimbie kufuata mkondo, na asivuke daraja. Tope la 2023 lilishuka alfajiri, watu wengi wakiwa ndani, kwa hiyo usiku wa mvua kubwa ni vyema mtu mmoja akae macho au familia ilale kwa ndugu aliye mbali na korongo.

Kuhusu kiwanja chenu, mkikuta mawe ya aina niliyoeleza ukutani mwa korongo, kifanyeni shamba na nyumba mkaijenge kwingine.