Pedali ya mwangwi imezima baada ya kuchomekewa adapta ya kinanda, nianzie wapi?

nyuzi_sita

Wakuu habari. Juzi katikati ya mazoezi nilichomeka adapta ya kinanda kwenye pedali yangu ya gitaa ya mwangwi, ya dijitali. Iliingia vizuri tu, nikajua zote ni mamoja. Kumbe ya kinanda ni volti 12 na chanya iko katikati, pedali inataka volti 9 na hasi katikati. Taa haikuwaka, ikaja harufu ya kuungua, nikachomoa mbio.

Sasa hata nikiipa adapta yake halali haiwaki, na kataa ka adapta yenyewe kanaanza kupepesa kila nikichomeka. Gitaa halipiti kabisa, hata nikikanyaga kuondoa mwangwi. Nina mita ndogo na kichomeo, ila katika maisha yangu nimelehemu jeki za waya tu. Je, chipu ndiyo imekwenda? Halafu nimetoa skrubu nne za chini na bodi haitoki ng'o.

kichwa_kigumu

Pole mkuu. Za dijitali hazina fundi, akili yote imo kwenye mdudu mmoja mweusi, akifa kafa. Itakufaa kuzuia mlango usijifunge na upepo.

Fundi Waya

@nyuzi_sita huyo usimsikilize, mlango tafutia jiwe.

Hiyo taa ya adapta kupepesa ndiyo imenipa moyo. Adapta inaona shoti, inajizima, inajaribu tena. Na shoti ya namna hiyo, baada ya kugeuza chanya na hasi, mara nyingi ni diodi moja iliyowekwa pale makusudi. Imekaa kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na tundu la umeme. Umeme ukija sawasawa haifanyi kazi yoyote. Ukija kinyume, inaupitisha wote yenyewe ili usifike kwenye chipu, na adapta ikiwa na nguvu diodi inaungua na kubaki shoti. Imekufa kwa niaba ya wenzake.

Gitaa kutopita pia si ajabu. Pedali nyingi za aina hiyo hupitisha sauti kwenye bafa, yaani kisakiti kinachotumia umeme kupitisha sauti bila kuidhoofisha, hata ukiondoa mwangwi, na bafa bila umeme haipitishi kitu.

Kufungua: skrubu nne ni za kifuniko tu. Bodi imeshikwa na nati za nje, yaani za jeki, za swichi ya mguu, na nyingine zimejificha chini ya nobu. Nobu usizichokonoe na bisibisi, utakwangua rangi na kupinda mhimili. Pitisha kamba ya kiatu chini ya nobu, izungushe mara moja, vuta juu kwa mikono miwili. Piga picha kila hatua. Ukikuta utepe wa waya unaounganisha bodi mbili, inua kwanza kibanio chake ndipo uuchomoe.

Kisha, bila umeme, weka mita kwenye alama ya diodi upime ile iliyo jirani na tundu. Nzima inasoma kama 0.6 upande mmoja na haisomi kitu ukigeuza ncha.

nyuzi_sita

Kamba ya kiatu imefanya kazi! Diodi nimeiona, kijiboksi cheusi kimeandikwa M7, na kimepasuka ubavuni. Mita inalia pande zote mbili, 0.00. Niing'oe?

Fundi Waya

Ing'oe. Inua mguu mmoja kwanza upime tena, maana ikiwa kwenye bodi inaweza kusingiziwa shoti ya jirani. Ikiendelea kulia peke yake, ndiyo yenyewe. M7 ni 1N4007 ya kubandika, kwa hiyo hata 1N4007 au 1N4001 ya miguu itakaa hapo, ikunje tu vizuri. Upande wenye mstari uende kwenye chanya. Ukikosea hapo, umerudi ulikotoka.

Kabla hujaweka mpya, chomeka adapta halali kwa sekunde chache upime regyuleta, ile ya kushusha volti kwa ajili ya chipu: volti 9 ziingie, zitoke 5 au 3.3. Angalizo ambalo lilinipotezea jioni nzima siku moja: kwenye regyuleta aina ya 1117 lile bati pana la mgongoni ni la kutolea umeme, wakati kwenye aina ya 7805 ni hasi. Ncha nyeusi ya mita ibanie kwenye chuma cha jeki, uache kubahatisha.

nyuzi_sita

Nimeng'oa, inalia hata ikiwa peke yake mezani. Regyuleta inatoa 3.29. Nimeweka ya miguu, nimefunga kila kitu, taa IMEWAKA na gitaa linapita. Ila mwangwi hakuna. Nobu zote tatu nazungusha, sauti ni ileile kavu. Basi chipu ilikufa kweli, sivyo?

kichwa_kigumu

Mlango unasubiri.

Fundi Waya

Ngoja kidogo. Nobu zote tatu kufa kwa pamoja, ilhali 3.29 ipo? Hizo nobu zinakaa kwenye bodi ya juu, na zinaongea na chipu kupitia ule utepe. Kibanio ulikishusha?

nyuzi_sita

...

Sikukishusha. Utepe ulikuwa umelala tu mle ndani, umeingia upande mmoja. Nimeusukuma hadi mwisho, nikabana, na mwangwi umerudi wote hadi mkia wake mrefu. Fundi, shukrani sana.

Swali dogo: nimebakiwa na washa moja nyembamba mezani, yenye meno meno. Pedali inafanya kazi bila hiyo. Niitupe?

Fundi Waya

Hiyo ni ya jeki, inakaa ndani, kati ya jeki na boksi. Meno yake ndiyo yanazuia jeki isizunguke kila unapochomeka waya. Bila hiyo nati italegea, jeki itacheza, na lehemu yake itapasuka kwenye bodi. Fungua tena.

nyuzi_sita

Kamba ya kiatu nilikuwa nimeshairudisha kwenye kiatu.