Rumours, The Visitors au A Song for You: ninunue santuri ipi?

Kibao_Kata: Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua santuri moja tu, hela hairuhusu zaidi. Nimebaki na tatu: Rumours ya Fleetwood Mac (1977), The Visitors ya ABBA (1981) na A Song for You ya Carpenters (1972). Nataka muziki mtamu lakini wenye uzito ndani yake. Mnashauri ipi?

FundiSpika: Mkuu, umetupa habari nusu. Una mtambo gani? Unataka mpya au mtumba? Bajeti je?

Mama_Nuru: Rumours, bila kupepesa macho. Wakati wanarekodi kule Sausalito, California, 1976, wanabendi wenyewe walikuwa wanaachana: John na Christine McVie, mtu na mkewe, na Lindsey Buckingham na mpenzi wake Stevie Nicks hivyohivyo. Go Your Own Way, Lindsey anamsema Stevie, na huyohuyo Stevie ndiye anayemwitikia. You Make Loving Fun, Christine kamwandikia mwanamume mwingine, John akaambiwa unamhusu mbwa. Na besi anapiga John! Watu wanacheza tu, hawana habari.

Zilipendwa77: Kwa majonzi ABBA hawana mpinzani. Björn wa ABBA aliandika The Winner Takes It All ndoa yake na mwenzake wa kundini Agnetha ikiwa imevunjika, kisha Agnetha ndiye akauimba. Chukua The Visitors.

Mama_Nuru: Huo haumo humo. Uko Super Trouper, 1980.

Zilipendwa77: Sawa, lakini When All Is Said and Done umo, na huo ni talaka ya Benny na Frida, wale wawili wengine wa kundi, kaimba Frida mwenyewe. Hoja yangu iko palepale.

FundiSpika: Kabla hujatuma hela, sikia yaliyonikuta. Niliagiza Rumours ya mtumba kwa jamaa wa mtandaoni, picha inang'aa, anaapa haina hata mchubuko. Ikaja kwa basi, imelazwa kwenye buti chini ya magunia, juani kutwa nzima. Kufungua, imepinda ukingoni. Ukiiweka, sindano inapanda inashuka, ikifika kwenye kona ile inaruka. Wimbo wa kwanza wa kila upande siujui mpaka leo. Kumpigia jamaa, kaniambia niweke sarafu juu ya sindano! Nilivyobisha akanibloku.

Kijana_wa_Shangani: Mbona hakuna anayemtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mzaliwa wa Zanzibar, 1946? Bohemian Rhapsody kijana anamwambia mama yake kaua mtu, na watu wanaimba ukumbini wakiinua glasi.

Zilipendwa77: Freddie familia yake iliondoka 1964 ikaenda Uingereza. Queen ni ya Waingereza.

Kijana_wa_Shangani: Kitovu chake kipo huku, mzee. Hilo hulifuti.

Mama_Nuru: Mwenzenu kauliza santuri, nyie mnagombea kitovu.

Alto: Carpenters mmewaruka, wale ndugu wawili Richard na Karen. Goodbye to Love, tuni kaitunga Richard, maneno ya John Bettis, lakini sikilizeni Karen anavyoshuka kwenye sauti ya chini. Halemei, hapigi kelele, anakata tamaa kwa adabu. Halafu gitaa la Tony Peluso linaingia na mkwaruzo kama la bendi ya roki. Karen alifariki 1983 akiwa na miaka 32, kwa madhara ya maradhi ya kujinyima chakula. Ila msiusikilize wimbo wa 1972 kana kwamba ulikuwa wosia. Ni kumkosea, alikuwa fundi anayefanya kazi yake.

Kibao_Kata: Asanteni. Nilisahau kusema, ni zawadi. Wazazi wanatimiza miaka 30 ya ndoa.

Mama_Nuru: Ati nini?

Zilipendwa77: 😂😂 Mkuu unawapelekea wazazi albamu ya talaka?

Kibao_Kata: Mama anaipenda sana Don't Stop ya kwenye Rumours.

Mama_Nuru: Basi usimwambie kwamba Christine aliiandika akiachana na mumewe. Bora The Visitors kwa ajili ya Slipping Through My Fingers, mama anamtazama bintiye akienda shule. Atalia, lakini kilio cha halali.

Alto: Top of the World imo kwenye A Song for You. Harusini inafaa.

FundiSpika: Nauliza tena: hao wazee wana mtambo?

Kibao_Kata: Wana redio kubwa ya zamani, juu ina sehemu ya santuri. Sindano sijui kama ipo.

FundiSpika: Piga picha uitume hapa. Usinunue chochote kwanza.