Nimeambiwa "kaa chini, hewa ukaa haikuhusu" mbele ya ukumbi mzima!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule bwana wa semina, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo kanidhalilisha mchana kweupe.

Ukutani kamulika maandishi: Tanzania kupunguza gesijoto, yaani hewa ukaa na wenzake wanaopasha dunia joto, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Safi. Sasa anamulika kwa umeme gani? Jenereta la dizeli! Liko nyuma ya ukumbi linanguruma kama meli inang'oa nanga, moshi unaingia dirishani, mama wa mbele kajiziba pua kwa khanga. Nje jua la ziwani linapasua utosi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa adabu: mheshimiwa, mimi nina paneli 6 za wati 300 juu ya bati, zinaendesha friji la sato. Ikifika saa saba mchana betri zimejaa, umeme unaobaki unapotea bure, na jirani yangu anawasha koroboi. Kwenye hiyo asilimia 35 sisi tumo?

Akanitazama kuanzia ndala mpaka kofia. "Kaa chini, hewa ukaa haikuhusu."

Kaa chini! Mimi! Na kipaza sauti anacho yeye, wauza dagaa mpaka mwaloni wamesikia. Hainihusu vipi? Paneli nimenunua moja moja kwa hela ya samaki, miaka mitatu! Yeye jenereta lake linakohoa nyuma ya ukuta, halafu hewa ukaa hainihusu mimi! Tangu saa nane sijala. Nikifumba macho naisikia: kaa chini.

Kitumbua Moto: Kwani ulikaa?

Mleta uzi: Nilikaa. Ila kwa hasira.

Kitumbua Moto: 😂😂 Basi kakushinda.

Mpiga Kasia: Pole mkuu. Sato kilo bei gani?

Mama Pacha: Bora wewe umetukanwa tu. Mimi fundi kaniuzia betri "ya sola", kumbe ya gari. Miezi minne imevimba kama andazi.

Mtu wa Marsabit: Nyinyi mnalia na jenereta? Huku Loiyangalani, Kenya, kuna mashine 365 za umeme wa upepo, megawati 310, nyaya zinapita juu yetu zikienda kituo cha umeme cha Suswa, mbali huko. Mimi chini yake nachaji simu dukani kwa pesa.

Fundi Waya: Mama Pacha, betri ya gari kazi yake ni kupiga stata, inatoa moto mwingi mara moja. Ukiinyonya usiku kucha unaiua. Tafuta betri ya lithiamu.

Mama Pacha: Lithiamu niuze mtoto?

Mleta uzi: Jamani, mbona mmeacha alichoniambia?

Kitumbua Moto: Kaa chini mkuu, tuko kwenye betri.

Mpiga Kasia: Na sato je? Nipo Mwanza hadi Jumapili.