Uchumi wa dunia ukiyumba watalii wanaacha kuja au wanapunguza tu? Nataka kukopa gari la pili

Mwenge_Safari
Habari wakuu, naomba mawazo yenu maana nimekwama. Nina kampuni ndogo ya kutembeza wageni hapa Dar, kazi nyingi ni hifadhi za Mikumi na Nyerere, wengi wanatoka Ulaya wanaunganisha na Zanzibar. Landkruza ni moja, ikifika Julai Agosti nakodi za watu na faida yote inaishia huko. Benki wamekubali kunikopesha la pili ila marejesho ni kila mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Sasa kila nikifungua habari naskia uchumi wa Ulaya na Marekani unaweza kwenda kombo na wateja wangu ndo wako huko. Mliokuwepo kwenye hii kazi 2008 na 2009 ilikuwaje, wageni walipotea kabisa? Dereva na mpishi wangu wana familia, sitaki nifanye pupa halafu waumie wao.

Kigamboni_Baba3
Kaka pole na majukumu. Mimi kipindi kile nlikuwa mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni Unguja. Lehman Brothers, ile benki kubwa ya Marekani, imeanguka Septemba 2008, sisi Krismasi hatukuona kitu, vyumba vimejaa, kwa sababu watu walishalipa toka zamani. Shida ilianza mwaka mpya ulipoingia, barua pepe za bukingi zikapungua hadi unajiuliza kama intaneti inafanya kazi. Na waliokuja walikuja tofauti, aliyekuwa analala siku kumi analala tano, kupiga mbizi hataki, chakula cha jioni anaenda kutafuta kijijini, na anaomba punguzo hata akiwa ameshafika. Kwenye daftari unaona mgeni yupo ila ukienda jikoni au kwa vijana wa boti wanakwambia hakuna hela. Walioondolewa mwanzo ni vibarua wa kufua na bustani, wengine hawakurudishwa tena, hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo usihesabu vichwa tu, angalia kila mgeni anakuachia shilingi ngapi.

Takwimu_Ubungo
Aliyosema mkuu hapo juu yapo hata kwenye takwimu. Dunia nzima 2009 safari za kimataifa zilipungua kama asilimia 4 na mapato yakashuka zaidi ya hapo, karibu 6. Kwetu Tanzania 2008 walikuja kama 770,000, 2009 wakawa 714,000 hivi, hiyo ni asilimia 7, ila mapato yalitoka karibu dola bilioni 1.29 mpaka 1.16, ni asilimia 10. Halafu angalia 2010, wageni wakafika 783,000, wengi kuliko kabla ya mtikisiko, lakini mapato yalikuwa kama bilioni 1.25, bado hayajarudi yalipokuwa. Watu walirudi haraka kuliko hela zao, na wewe mkopo utaulipa kwa hela.

Sababu ni kwamba mtu akiogopa kupoteza kazi hafuti likizo, anaisogeza karibu na nyumbani, anaifupisha na anasubiri dakika za mwisho labda bei itashuka. Waingereza 2009 wengi walibaki kwao au walienda karibu, na paundi ilikuwa imeshuka. Sisi tuko mbali, tiketi ya ndege peke yake ni hela ndefu, ndo maana tunaguswa. Ila usiseme kila kitu ni uchumi, Kenya 2009 wageni waliongezeka kwa sababu 2008 walikimbia vurugu za baada ya uchaguzi. Na 2020 usiichanganye humu, tulitoka milioni 1.5 mpaka laki 6 na ushee kwa sababu mipaka ilifungwa na ndege haziruki, huo haukuwa ukata wa kawaida.

MamaTausi_Tabata
Mdogo wangu mbona hakuna anayetaja thamani ya hela? Iceland benki zao zilianguka 2008, krona yao ikaporomoka, nchi iliyokuwa ghali sana ikawa nafuu kwa mgeni, na hiyo ni mojawapo ya sababu baadaye walijaa, kutoka kama laki 5 mpaka zaidi ya milioni 2 mwaka 2017. Wewe unauza kwa dola, mgeni wa Ulaya analinganisha na euro yake. Kopa kwa shilingi usikope kwa dola hata wakikubembeleza.

La pili, wabongo wanatembea siku hizi. Treni ya SGR inakufikisha Morogoro mapema, kutoka pale Mikumi sio mbali, na kiingilio cha raia ni shilingi elfu chache. Vikundi vya kazini, vikoba, vyuo, watafute Februari Machi kabla mvua hazijaanza vizuri.

Takwimu_Ubungo
@MamaTausi nakuheshimu dada ila kundi la vikoba linataka kosta, halitalipa bei ya Landkruza. Itasaidia mshahara wa dereva, rejesho la benki haitalifikia.

MamaTausi_Tabata
Sikusema ilipe rejesho. Nimesema huyo dereva asikae nyumbani miezi mitatu.

Kigamboni_Baba3
Wote mko sawa. Mwenge nenda kwa afisa mikopo muombe marejesho makubwa yawe Julai mpaka Oktoba na Desemba mpaka Februari, katikati ulipe kidogo. Wakulima wanapangiwa kwa mavuno, mwambie na wewe una mavuno yako. Akikataa kabisa endelea kukodi msimu mmoja zaidi, gari la mtu ukikosa wageni unamrudishia.

Mwenge_Safari
Nimewaelewa sana, asanteni. Jumatatu naenda benki na karatasi ya mapato ya mwezi kwa mwezi. Moja tu, mimi dipoziti nachukua asilimia 20, nyie mnachukua ngapi?

Kigamboni_Baba3
20 ni ndogo. Wengi 30 akithibitisha na iliyobaki aimalize siku 60 kabla hajafika, na andika kabisa akighairi mwishoni anarudishiwa kiasi gani. Ikifika kipindi kigumu ndo watakaoghairi wataongezeka.