Kafi la Greenland linatetemeka nikitia nguvu, nakosea wapi?

Kafi_Jipya:
Wakuu, nimehama kutoka kafi la mabapa mapana kuja kwenye kafi la Greenland, lile jembamba la kayaki lenye bapa kila upande. Lina urefu wa sm 218, mpini wa katikati sm 50, na bapa lina upana wa sm 8.5. Nikipiga taratibu, safi kabisa. Nikitia nguvu, bapa linatetemeka majini, linapanda na kushuka kama linatafuta pa kutokea, maji yanagugumia na nyuma yangu kunabaki mapovu matupu. Mwendo hauongezeki hata kidogo. Viwiko navyo vinauma. Ni kafi au ni mimi?

Bahari_Shwari:
Kafi halina kosa. Kipimo chake cha asili ni pima moja (ncha ya vidole hadi ncha, mikono ikinyooshwa pande zote) na dhiraa moja (kiwiko hadi ncha ya vidole) ya mpigaji mwenyewe, kwa hiyo mtu mwenye pima ya sm 172 na dhiraa ya sm 46 anaangukia palepale kwenye 218. Kama mwili wako uko karibu na hapo, tuliache hilo. Inaelekea unalivuta bapa likiwa wima, kama ulivyozoea kwenye lile pana.

Bapa jembamba likivutwa wima, maji yanajikunja na kuzunguka nyuma ya kingo zake mbili kwa zamu, mara ya juu, mara ya chini, na kila zamu bapa linasukumwa upande. Huo ndio mtetemo unaousikia. Dawa ni kulilaza kidogo: ukingo wa juu uelekee omo (mbele ya kayaki), wa chini uelekee tezi (nyuma yake). Anza na mwinamo wa nyuzi (digrii) 20 hivi. Hapo ukingo wa chini unatangulia kukata maji, na kadiri unavyovuta bapa linajizamisha lenyewe. Ukililaza kinyume, ukingo wa juu ukaelekea tezi, litakuchomoka majini na kukurushia maji usoni.

Ila usiupate mwinamo kwa kukunja kifundo cha mkono. Legeza vidole, zungusha mpini ndani ya kiganja mpaka ukingo wa juu uende mbele, kisha shika upya kifundo kikiwa kimenyooka. Ukishaweka umeweka: mabapa yote mawili ya kafi hili yamelala usawa mmoja, kwa hiyo hakuna kuzungushazungusha mpini kila ukibadili upande.

Mtu_wa_Omo:
Mwinamo ni kweli, lakini hayo mapovu nayatilia shaka zaidi mwanzo wa mpigo. Wengi huanza kuvuta bapa likiwa limezama nusu, linaburuta hewa ya juu na kwenda nayo chini. Kwenye kafi hili, kuchomeka na kuvuta ni mambo mawili. Lichomeke usawa wa vidole vya miguu, kama kisu, bila nguvu yoyote, mpaka vidole vya mkono wa chini vikaribie kulowa. Hapo ndipo uvute, tena kwa kupandisha nguvu polepole. Nguvu kubwa ikae kati ya goti na nyonga. Ukikurupuka kuvuta, hata mwinamo mzuri hautakusaidia.

Nguvu yenyewe itoke kiunoni. Ukipiga kulia, mguu wa kulia unasukuma kikanyagio, nyonga ya kulia inarudi nyuma, kifua kinafuata. Mkono wa juu uvuke mbele ya kifua, chini ya usawa wa bega. Waliozoea bapa pana huinua mkono huo mpaka machoni na kusimamisha mpini. Hapa mpini ulale, bapa lipite mbali kidogo na ubavu wa kayaki.

Likifika nyongani, mpigo umekwisha. Litoe kwa ukingo, kama ulivyolichomeka. Ukilipeleka nyuma zaidi unainua maji bure, tezi inadidimia na kayaki inageuka.

Kafi_Jipya:
Nimewaelewa. Sasa nitajuaje nimelilaza kupita kiasi? Na viwiko je?

Bahari_Shwari:
Likizidi kulala linakuwa jepesi mkononi, linapiga mbizi, mkono wa chini unavutwa chini na kayaki haisukumwi. Punguza kidogo kidogo mpaka mtetemo uanze, halafu lirudishe nukta moja.

Mshika_Mpini:
Viwiko ni ushikaji. Kidole gumba na cha shahada vizunguke mpini. Vitatu vilivyobaki vilale juu ya mwanzo wa bapa, pale mpini unapoanza kupanuka. Ukishika mpini kwa ngumi, vidole vyote vimo, huwezi kuhisi bapa limelalaje na misuli ya mkono inakaza muda wote. Mkono wa juu usukume kwa kiganja, vidole vimelegea kabisa. Mpigo ukibadilika upande, mkono huo unapata mapumziko yake hapo.

Na hizo nyuzi 20 mimi sizipendi sana, majini hakuna anayepima. Tumia masikio. Kafi hili lilikuwa la wawindaji wa sili, kelele si kazi yake. Piga mipigo 20 kwa nguvu ndogo kabisa bila kutoa sauti, kisha 20 kwa nguvu iliyozidi kidogo, kisha 20 tena. Mguno ukirudi, shuka ngazi moja na utazame kwanza kama bapa lilizama lote kabla hujavuta, ndipo uguse mwinamo. Usibadilishe vyote kwa pamoja, hutajua kipi kimetibu.

Jambo jingine, usigeuke kutazama mapovu katikati ya zoezi. Ukigeuza shingo nyuma kiwiliwili kinaacha kuzunguka na bapa linabadilika mkononi. Mwenzako akufuate kwa nyuma, akuambie mapovu yanatoka upande gani. Mara nyingi ni mmoja tu, ule wa mkono usio na nguvu.