Mrejesho: vitabu vya likizo mlivyonitajia

Habari zenu ndugu. Mwezi wa tano niliwaomba mnitajie vitabu vya kusoma na vijana wa mtaani kwetu Kirumba, Mwanza, likizo ya Juni. Mlinijibu wengi, ahsanteni sana.

Kilichotushika ni cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee yule wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kikatoka kwa Kiswahili 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35! Nilipowaambia hivyo vijana walinyamaza kabisa.

Nakala ilikuwa moja tu, kwa hiyo tulisoma kwa sauti, kwa zamu, chini ya mwembe. Tulipofika Myombekere anapomfuata mkewe ukweni na kudaiwa pombe ya ndizi, bibi mmoja jirani, mzaliwa wa Ukerewe, aliacha kuchambua dagaa wake akasogeza kigoda. Kuanzia siku hiyo hakukosa. Akawa anatueleza ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, mikono yake bado ina magamba yanayometameta.

Rosa Mistika cha Kezilahabi, naye wa Ukerewe, niliwapa wakubwa pekee. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na kina mambo mazito. Binti mmoja alikirudisha akaomba tuzungumze faragha. Tulizungumza.

Kusadikika cha Shaaban Robert bado hatujakigusa.

Shule zimefunguliwa, ila Jumamosi tunaendelea. Bibi ndiye anayewapitia vijana majumbani. Mwenye nakala ya pili ya Kitereza aniambie, nitaifuata hata Nansio, kule Ukerewe.