Tumepigwa Krete! Wakala anauza Korongo la Samaria mwezi Januari

Wakuu, nina hasira na naomba mtu asiniambie nitulie.

Tunaishi Ujerumani, mimi na wenzangu wa kazini. Tulilipia kwa wakala mmoja (simtaji, suala liko kwa mwanasheria) safari ya "kutembea milimani Krete msimu wa baridi" (Krete ni kisiwa cha Ugiriki). Kwenye ratiba siku kubwa kuliko zote ni Korongo la Samaria, kutoka Omalos hadi baharini Agia Roumeli, kilomita 16. Kwenye tangazo watu wamevaa kaptura, jua linawaka.

Tunafika Xyloskalo, pale njia ya kushuka korongoni inapoanzia, mita 1,200 na ushee juu ya bahari, tunakuta lango limefungwa, theluji kila mahali. Dereva anatuambia kwa upole kwamba pale hufunguliwa Mei hadi Oktoba. Kila mwaka! Mvua za baridi zinajaza mto, mawe yanaporomoka kutoka kwenye kuta, na pale panapobanana hadi kubaki mita 3 au 4 hivi, maji yakikujia huna pa kukimbilia. Wagiriki wamefunga kwa akili zao timamu. Ugomvi wangu ni na aliyechukua hela yetu huku anajua.

Halafu hata tungepenya, tungetokaje? Agia Roumeli haina barabara. Ni boti au miguu, na baridi boti ni za kubahatisha, bahari ikichafuka hazitoki. Someni Matendo sura ya 27: Paulo aliwaonya mabaharia hukohuko kusini mwa Krete wasisafiri msimu huo, wakampuuza, wakaishia kuvunjikiwa meli. Wakala wetu hajafika sura hiyo.

Sasa sikieni mbadala waliotupa: twende tukapande mlima Pachnes, mita 2,453, katikati ya theluji! Vyuma vya kufunga kwenye buti hakuna. Alama za njano na nyeusi za E4, ile njia ndefu ya miguu ya Ulaya, zimefukiwa. Jua linazama kwenye saa 11 na nusu jioni. Na "mwongozaji" ni yuleyule dereva, masikini, ambaye mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa. Kwetu Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Tukagoma.

Korongo la Imbros tulishuka wenyewe, kilomita 8, na ni pazuri mno, hatukukutana na mtalii hata mmoja. Wangeuza hilo tangu mwanzo nani angelalamika?

Nimewaandikia, wananijibu "hali ya hewa haiko mikononi mwetu". Hali ya hewa gani? Hii ni kalenda!

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya safari za kifurushi (huduma kadhaa za safari zikiuzwa pamoja), namba 2015/2302, inasema usipopewa ulichouziwa una haki ya kupunguziwa bei. Kuna aliyewahi kuitumia akiwa Ujerumani? Ulianzia wapi, na walikulipa taslimu au walikuzungusha? Sisi wametupa vocha ya safari ijayo. Wapande nayo Pachnes.